Wajihi na Vipimo

Katika mambo yanayomtia mtazamaji mashaka mbele ya sanaa ya rangi, hapana labda lizidilo picha ya mtu iliyochorwa kwa mtindo wa kikubisti. Maana mtu yule yule aliyekwisha kuzoea kuona milima imepakwa zambarau na mashamba yamepakwa wekundu, bila ya kunung'unika wala kudai maelezo, hushtuka akiona jicho moja linamtazama yeye na la pili linatazama dirishani, pua imegeuka ubavu juu ya mdomo ulioelekea mbele, na bega limekatika na kuunganika tena mahali pasipokuwa pake. Mlima haudai heshima. Uso wa binadamu unaidai, na aghalabu mtu anayekasirishwa na picha ya namna hiyo hakasiriki kwa ajili ya macho yake tu, bali kwa niaba ya yule aliyechorwa, ambaye anamdhania kuwa amefedheheshwa. Hasira hiyo naiheshimu. Ina asili njema, na mtu aliyeikosa kabisa sidhani kama atazifaidi picha hizi, kwa kuwa hatakuwa na sababu ya kuuliza kilichotendeka hapa ni nini, na kwa haki gani.

Kilichotendeka kilianza Paris, katika miaka michache iliyofuata kifo cha mchoraji Paul Cézanne, aliyefariki mwaka 1906 na kuacha kazi ambazo maonyesho makubwa ya mwaka 1907 yaliwafunulia vijana wa zama zile. Cézanne hakuvunja uso wa mtu. Lakini alikuwa amekwisha kuitia shaka kanuni iliyotawala sanaa ya Ulaya tangu karne ya 15, yaani kanuni ya kwamba mchoraji husimama mahali pamoja, hufumba jicho moja, na kuandika kile tu kinachoonekana kutoka hapo, kwa nuru moja na kwa dakika moja. Pablo Picasso, Mhispania, na Georges Braque, Mfaransa, waliichukua shaka hiyo wakaifikisha mbali kiasi ambacho Cézanne mwenyewe huenda asingekubali. Na mwaka 1908 mhakiki Louis Vauxcelles, akizitazama picha za Braque za nyumba na miti, akabeza kwamba kila kitu kimegeuzwa michemraba, na kwa bezo hilo mtindo mzima ukapata jina. Baada ya hapo, kati ya mwaka 1909 na 1912, ndipo zilipotokea picha za watu ninazozikusudia.

Tutazame moja kwa karibu, nayo ni ile ya Daniel-Henry Kahnweiler, aliyoichora Picasso mwaka 1910, ambayo leo imo katika jumba la sanaa la Chicago. Kahnweiler alikuwa kijana wa Kijerumani, mzaliwa wa Mannheim, aliyefungua duka dogo la picha mjini Paris mwaka 1907, akawa mnunuzi na mtetezi wa wachoraji hawa wakati walipokuwa bado wanachekwa. Husimuliwa kwamba aliketi mbele ya Picasso mara ishirini na zaidi, huenda zikafika thelathini. Anayeikuta picha hiyo kwa mara ya kwanza huona ukuta wa vipande vya kahawia na kijivu, vyenye kingo zilizonyooka, vingine vikipokea nuru na vingine vikiikataa, na hudhani kwamba hapana mtu. Lakini akitulia, chini katikati atakuta viganja viwili vimepishana. Juu yake, mkufu wa saa ya mfukoni. Juu zaidi, fundo la tai. Kisha ukingo wa pua, macho, na wimbi la nywele zilizochanwa kwa uangalifu. Na upande wa kushoto, dalili za kinyago cha New Caledonia kilichotundikwa ukutani. Alama hizo ni chache mno, lakini kila moja imewekwa pale pale ambapo mwili wa mtu aliyeketi unaitaka, na jicho likishazipata tatu au nne huanza lenyewe kutafuta ya tano. Hapo ndipo mtazamaji hugundua kwamba vile vipande alivyovidhania kuwa ni vigae vya kitu kilichovunjwa havikufungwa pande zote: kila kimoja kina ukingo mmoja ulioachwa wazi, hata bega likamiminika katika ukuta na ukuta ukaingia katika koti, na nuru ikawa haitoki dirisha moja, bali inatoka kila upande ambao mtu huyo amepata kutazamwa. Rangi nazo zimenyimwa nguvu kwa makusudi, ili zisimvute mtazamaji akasahau kazi ya kutembea.

Nasema kutembea, kwa sababu sioni namna nyingine ya kuisoma picha hiyo. Macho hayana budi kupanda na kushuka, kuacha na kurudia, na katika kurudia hukuta kwamba alichokwisha kukiona mtu kimebadilika kidogo kutokana na alichokiona baadaye.

Nilipata kumwonyesha picha hiyo, ikiwa katika kitabu, bibi mmoja wa huku Kilolo, mkoani Iringa, katika vilima vya upande wa Kidabaga, ambaye husuka vikapu vya milulu na ambaye mikono yake haikupumzika hata tulipokuwa tunazungumza. Baada ya salamu zetu za kamwene na habari za njegere na za mvua, nilikifungua kitabu juu ya mkeka. Alikitazama kitambo, akaniuliza: "Huyu bwana amekaa au amesimama, mwanangu?" Nikamwambia, "Hebu mtafute, bibi." Akapitisha kidole juu ya ukurasa, si kuanzia kichwani kama wafanyavyo watu wa shule, bali kuanzia chini, na alipofika penye viganja akasimama. "Amekaa," akasema. "Mikono yake inangoja." Kutoka hapo alikwenda juu bila ya msaada wangu, akaupata mkufu, ambao aliudhania kuwa ni shanga, na akayapata macho. Nilifurahi, nikataka akubali kwamba picha ni nzuri, lakini hakukubali. Alisema kwamba mtu yumo, hilo hakatai, ila nyumbani kwake hawezi kuitundika picha hiyo, kwa kuwa wajukuu wakiamka usiku itawatisha.

Hukumu hiyo naiona kuwa ni ya insafu kuliko nyingi zilizoandikwa vitabuni. Kuifahamu picha ni jambo moja na kuipenda ni jambo la pili, na mtu anayo ruhusa kamili ya kufika la kwanza akaishia hapo. Lisilo halali ni kuruka la kwanza na kutoa hukumu katika la pili. Aidha, mkono uliozoea kusuka hujua kwamba umbo la mviringo hujengwa kwa mizunguko mingi ya kitu chembamba, wala haliwi lote kwa mara moja, na pengine ndiyo sababu kidole chake hakikuogopa vipande.

Mfano wake ni njia ya huku kwetu: msafiri atokaye Morogoro kuja Iringa, akiisha kupita Ruaha Mbuyuni penye vitunguu na mibuyu, huanza kuupanda mteremko wa Kitonga, na katika kona zile mlima ule ule humjia kwa sura zisizohesabika: mara uko mbele yake kama kuta, mara uko ubavuni umejaa miti, mara uko chini ya gurudumu na bonde limekuwa mbali, hata akifika Ilula, akaulizwa Kitonga kukoje, hawezi kutaja kona moja akasema hii ndiyo Kitonga. Anachokijua ni zile kona zote zilizokusanyika katika safari moja. Mpiga picha aliyeshuka garini akasimama kwenye kona moja amepata kitu cha kweli, lakini dereva wa lori anayepita hapo kila wiki anakujua Kitonga kwa maarifa yasiyotoshea katika kioo cha kamera. Wakubisti walitaka kumchora mtu kwa maarifa ya dereva.

Lakini hapa pana hatari ya kudhani kwamba kinachotakiwa ni wingi wa pande tu, na kwamba ukizijumlisha pande za kutosha utampata mtu. Sivyo, na nchi hii ya Uhehe inao ushahidi wake, nao ni mzito. Katika mji ule ule wa Paris, tangu miaka ya 1880, karani wa polisi Alphonse Bertillon alikuwa amebuni utaratibu wa kumtambua mhalifu kwa kumpima kichwa, masikio na viungo, na kumpiga picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu. Na wataalamu wa makabila, waliotumwa na serikali za kikoloni au waliowafuata askari wao, walitumia vipimo na picha za namna hiyo juu ya watu wa Afrika, wazima na wafu. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye jeshi lake lilimwangamiza kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na askari wake pale Lugalo, katika wilaya hii hii ya Kilolo, tarehe 17 Agosti 1891, alijiua mwezi wa Julai 1898 ili asishikwe akiwa hai, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliweka kifungu maalumu, cha 246, kuitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo, na bado miaka ikapita. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda Bremen katika miaka ya 1950 alikuta katika makumbusho ya huko mafuvu yapatayo 2000, na lililorudishwa Kalenga mwezi wa Juni 1954, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, lilichaguliwa kwa kulinganisha uwiano wa upana na urefu wake na ule wa vichwa vya jamaa zake waliokuwa hai, na kwa tundu la risasi.

Nimesimama mara nyingi pale Kalenga mbele ya kabati la kioo lenye fuvu hilo, na kila mara hunijia fikra moja: kwamba waliomchukua walikuwa na pande zake zote, mbele na nyuma na ubavuni, kwa milimita, wala hawakuwa naye. Wahehe waliokuwa hawana hata kipimo kimoja ndio waliokuwa naye, katika sifa, katika hasira yake, katika namna alivyowahukumu watu wake, na katika sauti ya wazee waliosimulia. Basi mbele na ubavu vikiwekwa pamoja katika faili la polisi humfunga mtu mahali pake asiondoke. Mbele na ubavu vikiwekwa pamoja katika picha ya Picasso hukiri kwamba mtu huyo alikuwa anaondoka kila wakati, na mchoraji alikuwa anamfuata. Tofauti haimo katika idadi ya pande. Imo katika muda ambao watu wawili wamekaa chumba kimoja, na katika ridhaa ya yule anayetazamwa.

Juu ya muda huo zipo habari za kustaajabisha. Ambroise Vollard, aliyekuwa mmoja wa wafanyabiashara wa picha mashuhuri wa zama zake, alikuwa mtu wa bahari yetu, kwa kuwa alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Réunion, upande wa mashariki wa Bukini. Mwaka 1899 alikubali kuchorwa na Cézanne, na yeye mwenyewe ameandika kwamba aliketi mara 115, akitakiwa atulie mfano wa tofaa juu ya meza, na mwishowe Cézanne akaiacha picha bila ya kuimaliza, akisema tu kwamba kifua cha shati hakikumchukiza. Miaka kumi na moja baadaye Picasso naye akamchora Vollard, kwa mtindo wa vipande, na picha hiyo sasa iko Moscow: upara mpana unaong'aa juu ya giza la kahawia, ndevu, kope zilizoshuka, pua nene, vyote vimekatwakatwa na bado vina uzito wa mtu mnene aliyechoka kidogo. Husimuliwa kwamba watu wazima waliposhindwa kumtambua, mtoto wa miaka minne aliitazama akasema, huyo ni Vollard. Naye Gertrude Stein, mwandishi wa Kimarekani, aliketi kwa Picasso majira mazima ya baridi, na mwaka 1906 mchoraji akaufuta uso wote kwa kuwa hauoni tena akimtazama, akaenda Hispania, na aliporudi akauchora bila ya mwenyewe kuwapo, ukatoka mzito na mtulivu mfano wa kinyago. Picha hiyo bado si ya kikubisti, lakini mlango umekwisha kufunguliwa: yapo mambo ya uso ambayo hayaonekani mpaka mwenye uso ametoka chumbani.

Nimetaja kinyago, na deni hili lazima lisemwe wazi. Vinyago alivyoviona Picasso mwaka 1907 katika makumbusho ya Trocadéro, na vile alivyovinunua, vilitoka hasa Afrika Magharibi na Kongo na Gabon, vingi vikiwa vimechukuliwa kwa nguvu au kwa bei ya dhihaka, na vikiwekwa pale bila ya majina ya mafundi waliovichonga. Kahnweiler mwenyewe aliandika baadaye kwamba kinyago cha Wagrebo wa Afrika Magharibi, ambacho macho yake ni mirija inayotokeza nje badala ya mashimo yaliyoingia ndani, ndicho kilichomfundisha rafiki yake kwamba alama haina haja ya kufanana na kitu ili isimame badala yake. Wachongaji wa Afrika walikuwa wamelijua hilo zamani mno. Huku kwetu tunayo mapiko ya Wamakonde, vinyago vinavyovaliwa kichwa kizima, vyenye nywele za binadamu zilizobandikwa, ambavyo mchezaji huona njia kupitia mdomoni, kwa hiyo macho ya kinyago hutazama mahali pengine na macho ya mtu mahali pengine, na wote wawili ni mmoja madhali ngoma inalia. Na katika vinyago vya ujamaa, vilivyochongwa na Wamakonde waliohamia Dar es Salaam, watu hupandana katika gogo moja la mpingo, wala hapana mahali pa kusimama ukawaona wote. Mwenye kutaka kuwajua hana budi kulizunguka gogo.

Wachoraji wetu wa kwanza waliosoma hawakuelekea huko. Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere kisha London, na baada ya uhuru akawa balozi wetu wa kwanza huko huko London, alichora watu wengi wadogo katika kazi za kijiji, kukata migomba, kubeba pombe ya harusi, na nyuso zao hakuzishughulikia; kwake umati ndio uliokuwa mtu. Ni ubora wa namna nyingine, nao sina ugomvi nao. Aliyeusogelea uso kwa vipande ni Geoffrey Mukasa wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 2009, aliyejifunza uchoraji Lucknow, nchini India, akarudi Kampala katika miaka ya taabu na kuanza kuchora wanawake wenye shingo ndefu, nyuso zilizogawanywa kwa kingo kali, jicho moja kubwa kuliko la pili, katika rangi zenye joto ambazo wakubisti wa mwaka 1910 wasingethubutu. Katika kazi zake sioni mwanafunzi wa Paris. Naona mtu aliyezichukua mali za Afrika zilizokuwa zimepita Ulaya, akazipitisha Bara Hindi, na kuzirudisha nyumbani zikiwa na jambo jipya la kusema juu ya mwanamke wa Kampala anayekujua wewe zaidi ya unavyomjua.

Hata hivyo yapo madukani, na katika vibanda vya barabarani vinavyowangoja watalii, mapicha mengi ambayo uso umekatwa kwa rula kuwa pembe tatu na kila pembe ikapewa rangi yake, na muuzaji atakwambia kwamba huo nao ni ukubisti. Kipimo changu ni chepesi: ziba kipande kimoja kwa kiganja chako na ujiulize umepoteza habari gani juu ya mtu huyo. Ukiziba viganja vya Kahnweiler, ngojo yake yote inapotea. Ukiziba upara wa Vollard, umeondoa nusu ya tabia yake. Katika picha za rula ukiziba kipande hakipotei kitu isipokuwa rangi, kwa kuwa fundi alianza na uso wa kawaida akaukata, ilhali wale walianza na vipande vya kumjua mtu wakautafuta uso. Simlaumu fundi anayetafuta riziki. Namlaumu yule mwenye elimu anayeipita tofauti hiyo kimya.

Wapo Iringa, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, vijana wanaoandaliwa kuwa walimu, na wengine wao watapangiwa shule za Kilolo. Kwa yeyote kati yao atakayejikuta anafundisha kuchora, ningependekeza kazi moja ya muhula mzima: kila mwanafunzi achague mtu mmoja wa nyumbani kwao, babu au mama mdogo au jirani auzaye nyanya, amwombe ridhaa, na amchore kila juma, penseli na karatasi zatosha, leo akimenya viazi, juma lijalo akiwa amekasirika, lijalo akiwa amelala kitini, tena asiruhusiwe kugusa uso mpaka amekwisha kuchora mikono. Mwisho wa muhula aitandaze michoro yote sakafuni na kutengeneza mmoja tu kutokana nayo, yule mtu akiwa hayupo. Huenda usiwe wa kikubisti hata kidogo, na hilo halitanisikitisha. Siku mwanafunzi huyo atakapofunguliwa kitabu penye picha ya Kahnweiler, hatahitaji mwalimu wa kumweleza kwa nini mtu yule aliketishwa mara zote zile, wala kwa nini baada ya kuketi kote kule alitoka katika vipande.